Mafuta Mapya na Baba Neema wa Lupaso

Mnyambe, Newala

Mwanangu Somoe,

Umetoka na mama yako kwenda kuwaaga shangazi zako Newala mjini, na nyumba nimebaki nayo mimi na harufu ya salfa. Jirani anapuliza mikorosho yake tangu asubuhi na upepo unaileta yote hapa barazani, hata chai ina ladha ya salfa. Kesho tutashuka Masasi, utapanda basi la Dar, na baada ya siku chache utakuwa ndani ya chumba cha injini cha meli ambayo mimi sitaiona. Nilitaka haya tuyazungumze. Juzi nilikuita shambani nikasema njoo tutazame mikorosho. Ukaja, tukatazama mikorosho.

Mambo ya nguo za baridi, dawa ya kichefuchefu na namna ya kulala meli inapoyumba sitayagusa. Mama yako ameshayasema, na chuoni wamekufundisha mengi kuliko niliyoyajua mimi nilipoanza. Nataka kukuandikia habari za mafuta. Mama yako akiisoma barua hii atasema mume wake hata akilia analilia injini. Mwache aseme. Ameishi na mimi siku nyingi, ana haki.

Nilipanda meli nikiwa kijana wa kufuta sakafu, nikapanda ngazi polepole mpaka nikawa injinia wa pili. Miaka yote hiyo tulichoma mafuta mazito, meusi kama lami, ambayo usipoyapasha moto hayatembei kwenye bomba. Ndani yake mlikuwa na salfa nyingi. Wewe umekua ukiijua salfa kama unga wa kuokoa maua ya mikorosho yasiliwe na ugonjwa wa ubwiri. Ndani ya silinda ni kitu kingine. Ikiungua inaleta tindikali, na tindikali inakula chuma. Ndiyo maana mafuta ya kulainisha silinda yalitiwa dawa kali ya kuiua ile tindikali. Salfa nyingi, dawa nyingi. Hilo nililijua kama ninavyoijua njia ya msikitini, na sikuwahi kuharibu silinda hata moja. Nilijivuna kwa hilo. Nilikuwa nikirudi likizo nawasimulia watu hapa kijijini, na wao hawajaiona hata pistoni ya pikipiki.

Kisha ikaja sheria ya bahari zote, kwamba meli zisichome tena mafuta yenye salfa nyingi kwa sababu moshi wake unaumiza watu. Ni sheria ya haki. Nasema hivyo leo. Wakati ule nilisema wakubwa wameketi maofisini wanatutungia mateso. Kampuni ikaita watu kwenye mafunzo ya mafuta mapya. Mimi nilikuwa hapa nyumbani, msimu wa korosho umechanganya, nikampigia bosi simu nikasema mtu niliyechoma mafuta tangu ujana sihitaji kufundishwa kuchoma mafuta. Wakampeleka Dastani.

Wewe ulimjua Dastani kuliko mimi, lakini nataka umwone kama nilivyomwona kwanza. Alikuja melini akiwa injinia wa tatu, mwembamba, Mmakua wa Lupaso, anaimba nyimbo za kanisani huku anafungua nati. Siku ya kwanza alinikuta nanawa mikono bafuni. Akanitazama, akacheka.

"Shikamoo, kaka. Wewe ni mtu wa Newala."

"Marahaba. Umejuaje?"

"Unafunga bomba kwa mikono miwili. Watu wa uwanda wa juu tu ndio wanaogopa tone la maji hivyo."

Nilicheka mpaka sabuni ikaniingia machoni. Baharini, mtu anayejua kwamba kwenu maji yalinunuliwa kwa dumu ni ndugu yako. Tangu siku hiyo tulikula pamoja. Yeye akaniita Baba Somoe, mimi nikamwita Baba Neema, na kwenye meli ile iliyojaa watu wa kila taifa tukawa tunasemezana habari za mvua za Masasi kana kwamba tumeketi sokoni.

Alirudi kutoka mafunzoni ana mambo mengi. Alikuwa na hamu ya kunieleza, nami nilikuwa na hamu ya kutosikia. Alisema mafuta mapya si ya aina moja. Ya bandari hii yakichanganywa tangini na ya bandari ile yanaweza kugombana na kutoa uji mweusi unaoziba machujio. Nikasema tutaona. Tuliona. Miezi ile ya kwanza tulisafisha machujio mpaka kucha zetu zikawa na weusi usiotoka. Alisema mengine ni mepesi mno, hayalainishi pampu kama yale mazito, na ukitoka kwenye mafuta ya moto kwenda kwenye yale mepesi ya baridi uende polepole, chuma kikipoa ghafla pampu inakwama. Hilo nililikubali, maana nililijua kidogo tangu zamani.

La silinda nilikataa.

"Kaka," aliniambia, "salfa imeondoka. Ile dawa kali haina tena tindikali ya kuua. Inabaki pale juu ya pistoni, inaungua, inakuwa ganda gumu. Lazima tubadilishe mafuta ya silinda, tuweke yenye dawa kidogo."

"Tangi bado limejaa yale ya zamani."

"Tuyaache. Ukimwambia wewe, chifu atakubali."

"Baba Neema, dawa ikizidi haiui chuma. Tutayamaliza kwanza."

Chifu, yaani injinia mkuu wetu, alikuwa mzee anayekaribia kustaafu, na mambo ya silinda aliniachia mimi. Neno langu likawa ndilo.

Katika bandari moja tuliyotia nanga kushusha saruji, Dastani alijipenyeza chini ya silinda, pale penye matundu ya kuchungulia pistoni. Akaniita. "Njoo uone, kaka." Sauti yake naisikia hata sasa, haikuwa ya mtu anayetaka kushinda ubishi. Nilikwenda. Nilipiga goti moja tu chini, maana nilikuwa nimeshabadili nguo na nilitaka kushuka mjini kukununulia viatu vya shule. Nikamulika. Juu ya pistoni palikuwa na ganda jeupe, gumu, kama chokaa iliyokaukia sufuriani, na pembeni ringi, zile pete za chuma za pistoni, zilikuwa na mikwaruzo inayong'aa. Niliiona, Somoe. Sitasema sikuiona.

"Majivu hayo," nikasema. "Tutayafuta tukifika mbele." Nikaongeza na jambo la kijinga zaidi: nikaamuru mafuta ya silinda yaongezwe, nikidhani kwamba mikwaruzo ni kiu ya mafuta. Nilikuwa namzidishia mgonjwa kile kile kilichomtia ugonjwa. Viatu nikanunua. Vilikubana, unakumbuka, ukampa binti wa jirani.

Tulipokuwa njiani, mbali kidogo na pwani, silinda ile ilianza kupata joto. Ganda lilikuwa limekwangua utando wa mafuta kwenye laina, ule ukuta wa ndani wa silinda, ringi zikawa zinasaga chuma kwa chuma, kisha zikavunjika. Tukasimamisha injini. Meli isiyo na injini haikai mahali pamoja, inageuzwa ubavu na mawimbi na kuyumbishwa kama ungo. Nahodha alipiga simu toka juu kutuambia tunasukumwa kuelekea kwenye miamba, tufanye tunavyoweza. Hapakuwa na njia ila kuitoa pistoni pale pale tulipo, tuweke nyingine.

Pistoni ya meli ile ni ndefu kuliko mtu na ina uzito wa gari. Tuliinyanyua kwa winchi. Watu walishika kamba pande zote kuituliza, Dastani upande wa ukuta. Akawa anaimba polepole ili tuvute kwa pamoja. Wimbi likaja kutoka upande tusioutegemea. Pistoni ikaenda na meli, ikamkuta Dastani, ikambana mguu kwenye reli ya chuma. Hakupiga kelele. Wimbo tu ulikatika.

Tulimaliza kazi ile. Hilo nalo ujue kuhusu bahari, kwamba mtu wako amelala anafungwa mguu na nahodha na wewe unarudi kwenye nati, maana msiporudi nyote mtazama. Tukaweka pistoni, tukapunguza yale mafuta ya silinda, injini ikawaka. Tulipofika bandarini madaktari wakamkata mguu chini ya goti.

Kabla meli haijaondoka nilikwenda kumwona hospitali. Alikuwa mweupe wa midomo. Akafungua macho, akaniuliza, "Laina ya silinda imepona?" Nikasema imepona. Nilishika chuma cha kitanda chake kwa muda, nikatoka.

Kwa chifu nilisema kila kitu siku ile ile tuliyotia nanga: nilionywa, niliona kwa macho yangu, nilikataa. Wakaandika, wakanipa onyo, na safari ikaendelea. Usidhani kusema kweli kulinitesa. Mabaharia wakaniheshimu zaidi kwa kusema. Kilichonishinda ni kile kidogo baada ya hapo. Nilipomaliza mkataba nikarudi hapa Mnyambe, nikaiacha bahari. Dastani alikuwa ameshapelekwa kwao. Kutoka hapa mpaka Lupaso ni mwendo wa asubuhi moja, nami sikwenda.

Mwanzo nilisema nisubiri kidonda kipone. Kisha nikasema nisiende mikono mitupu, ningoje korosho. Korosho zikaja nikasema barabara imeharibika kwa mvua. Alinipigia simu mara nyingine, tukazungumza habari za bei za mazao, akasema, "Karibu basi, kaka," nikasema nakuja. Nilikuwa nikishuka Masasi kwa shughuli zangu, gari likifika njia panda ya kwenda kwao nageuza uso upande wa pili, utadhani barabara ile ina macho.

Wakati huo wewe ulikuwa shule Masasi. Siku za wazazi kutembelea watoto mimi nilikuwa nakuja mara chache, nakuachia sukari na sabuni, naondoka. Sikujua kuna mtu mwingine anakuja. Anakuja kwa bodaboda na mguu wa bandia, anakaa nawe kwenye ngazi za bwalo, anakuchorea silinda kwenye mchanga kwa ncha ya mkongojo. Mama yako alijua. Ulimwomba asiniambie, naye akaona afadhali mtoto apate baba wa pili kuliko kukosa hata wa kwanza. Sikumlaumu. Nilimlaumu, kisha nikaacha.

Unakumbuka siku uliposema umechaguliwa chuo cha mambo ya meli. Nami nakumbuka, lakini pengine hujui upande wangu ulikuwaje. Nilikuwa nakula ugali. Ukasema, nikauliza, "Nani amekutia ujinga huu?"

"Baba Neema."

"Baba Neema yupi?"

"Yule wa Lupaso. Rafiki yako."

Lile neno, rafiki yako, ulilisema bila ubaya wowote. Lilinipiga. Nikanawa mikono nikasema bahari si mahali pa mtoto wangu, si mahali pa mwanamke, na yule mlemavu asikuharibie akili. Nilimwita jina hilo mtu ambaye mguu wake ulikatika kwa ubishi wangu. Ulinitazama, ukakusanya vyombo. Nikasema pia kwamba ukienda usinihesabu kuwa baba yako.

Ukaenda. Nikaishi na maneno hayo. Mama yako akawa anakupigia simu nje, kule kwenye mkorosho wa mwisho, anasema ndipo mtandao unaposhika. Aliamini sisikii. Nilikuwa nikitoka polepole nasimama nyuma ya jiko, nasikia upande wake tu: "Eeh. Wamewafundisha nini leo? Eeh. Umekula?" Nikirudi ndani naketi kama mtu asiye na habari. Zaidi ya mwaka mzima niliishi kwa nusu ya mazungumzo yenu. Ningeweza kusema nipe simu. Mama yako angenipa.

Kisha Neema akanipigia. Namba sikuijua. Akasema, "Baba mkubwa, shikamoo. Baba ametutoka. Ni ugonjwa wa sukari, kidonda kilirudi kwenye ule mguu." Nilivaa kanzu, nikapanda gari la kwanza. Ndivyo nilivyofika Lupaso.

Ulikuwa umeshafika kutoka Dar, maana wewe walikuita tangu alipozidiwa. Nilikuona mbele, umekaa mkekani na wanawake, umejifunga khanga, unalia kama wafiwa wenyewe, nami nimesimama nyuma ya wanaume, mgeni, hata kaburi linakochimbwa sijui. Watu waliniuliza mimi ni nani wa marehemu. Nikasema tulifanya kazi pamoja.

Baada ya mazishi mjane aliniita uani. Unamjua, si mtu wa maneno makali. Akasema, "Shemeji, kila gari la Newala likishusha watu pale njia panda, alikuwa anauliza nani ameshuka."

Nikamwuliza kama alikuwa na kinyongo.

"Kinyongo cha nini? Alisema siku utakayokuja tusichinje kuku sisi, tukuachie mwenyewe, kwa kuwa wewe ni Mwislamu. Jogoo wake yule pale, alikataa asiuzwe."

Nilimchinja mimi yule jogoo, Somoe. Wewe ulikuwa unachota maji, hukuona. Nilipoletewa sahani nikala kwa kuwa mjane alikuwa ananitazama. Hiyo ndiyo karamu niliyoandaliwa na rafiki yangu, nikaifikia naye yuko ardhini.

Huwa nafikiri kwamba kosa la silinda lingeweza kumpata mtu yeyote. Kitu kilikuwa kipya, na mazoea ni mazito. Mabaharia wengi miaka ile waliharibu ringi na laina kwa kushikilia mafuta ya zamani. Lakini ile njia ya Lupaso haikuwa mpya. Hakuna mtu aliyehitaji mafunzo kuijua. Ndiyo ninayoijutia zaidi, na sina hakika kama inanipasa nikupe ushauri wowote juu yake, maana mtu aliyeshindwa kupanda gari kwenda kumwona mgonjwa hana la kumfundisha mwingine. Nakusimulia tu ili uijue ilivyokuwa.

Kwenye injini ninalo neno moja. Wewe unaingia ukiwa mgeni na utakuwa na hamu ya kusikia kila kitu, kwa hiyo sikuhofii sasa. Nakuhofia baadaye, utakapokuwa umezoea. Mafuta yatabadilika tena. Nasikia wanataka kuchoma gesi, na mengine nisiyoweza hata kuyataja. Utakuwa injinia wa pili, watu wanakusikiliza, silinda zako nzima, na mdogo wako kazini atakuwa amelala chini kwenye grisi anakwambia njoo uone. Siku hiyo, mwanangu, piga magoti yote mawili. Nguo zitafuliwa. Viatu vya watoto vitanunuliwa bandari nyingine.

Na ukifika nchi za watu, ukisikia kuna mwenzako amelazwa mahali, nenda siku hiyo hiyo hata kama huna la kusema. Mimi nilidhani lazima nipate kwanza maneno. Sasa najua angefurahi tuongee habari za mvua.

Limebaki jambo moja, na hili mama yako hajui kwamba nalikumbuka. Alfajiri ile ulipoondoka kwenda chuo nilikuwa uani nachambua korosho. Ulitoka na begi lako, ukapiga goti kidogo mbele yangu kama ulivyolelewa, ukasema, "Shikamoo, Baba." Mimi nikaendelea kuchambua. Ulingoja. Niliona miguu yako tu, sikuinua kichwa, na korosho nilizokuwa nazitupa upande wa mbovu zilikuwa nzima. Kisha miguu ikageuka, nikasikia bodaboda inawashwa, na mama yako anaingia ndani bila kunisemesha.

Msibani Lupaso uliponiamkia tena kulikuwa na watu, nikaitikia kama mtu anavyoitikia mbele za watu. Hiyo haikuwa ya alfajiri ile. Shikamoo ya alfajiri ile bado ninayo. Nimeikalia muda wote huu, na kesho stendi ya Masasi, kwenye makelele ya wapiga debe, sijui kama sauti yangu itanitii.

Marahaba, mwanangu. Marahaba, Somoe. Nenda.

Baba yako,
Hamisi